Je, Wajua? Ya Angani na Mbugani kwa Anayerudi Afrika

Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, baada ya kumaliza urais wa Marekani mwaka 1909, alitumia karibu mwezi mzima kufika Afrika Mashariki kuwinda? Alipanda meli New York tarehe 23 Machi, akabadilisha meli Italia, akashuka Mombasa tarehe 21 Aprili. Leo Kenya Airways, iliyoanza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, humleta abiria wa namna hiyo kwa takriban saa 14, umbali wa karibu kilomita 11,800. Mwendo umefupika, ila vya kumvurugia mtu safari havijapungua. Zamani vilikuwa baharini na porini. Siku hizi vingi vimo ndani ya tiketi, na huanza kazi siku ile ile unapolipa nauli. Tuliyoyakusanya hapa ni kwa ajili ya Mswahili wa Minneapolis, Leicester au Muscat anayerudi na watoto ambao simba wamemwona kwenye televisheni tu, na kwa jamaa yake wa Dar es Salaam au Nairobi anayeulizwa kila wiki kwenye simu: nikate tiketi ya lini, nitue wapi?

Tuanze na ya kale. Ndege za ratiba kutoka London zilipoanza kuja kwetu, tarehe 28 Februari 1931, mwisho wa njia haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Kwa kipande cha mwisho, kutoka Khartoum, shirika la Imperial Airways lilitumia ndege zinazotua majini, na Ziwa Victoria halihitaji kumwagiwa lami. Kufikia 1937 ndege kubwa zaidi za aina hiyo, zikiwa njiani kwenda Durban, zilikuwa zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi ilikuwa kituo cha kimataifa. Halafu tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza duniani ya injini za jeti kufanya safari ya ratiba yenye abiria wa kulipa, Comet ya shirika la BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikamaliza safari kwa chini ya saa 24. Enzi ya jeti za abiria ilizinduliwa kwenye njia ya Afrika, jambo ambalo vitabu vingi vya shule zetu havilitaji.

Na wanaorudi mara ya pili? Mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuwinda Kenya na Tanganyika mwishoni mwa 1933, akarudi baada ya miaka 20. Januari 1954 alikodi ndege ndogo ili mkewe Mary aione nchi kutoka juu. Karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, rubani alijaribu kulikwepa kundi la ndege wa porini, akagonga waya wa simu uliokuwa umeachwa pale, wakaanguka. Wakaokolewa kwa boti hadi Butiaba. Ndege ya pili iliyokuja kuwachukua ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka. Magazeti ya nchi nyingi yalikwisha kuchapa tanzia zake, naye akapata nafasi adimu ya kuzisoma mwenyewe. Oktoba mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini hakwenda Stockholm kuipokea kwa sababu majeraha ya Uganda yalikuwa bado yanamsumbua.

Sasa tuje kwenye ndege za leo. Je, umewahi kujiuliza kwa nini ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane? Sababu moja ni biashara: abiria afike Ulaya alfajiri, apate muda wa kuunganisha. Nyingine ni hewa yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Jua la mchana likiipasha moto, huwa nyepesi zaidi, mabawa hukosa nguvu ya kutosha ya kuinulia mzigo, na injini nazo hudhoofika. Usiku kukiwa na baridi, ndege ile ile kwenye barabara ile ile ya kurukia hubeba mafuta na mizigo zaidi. Barabara hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na haikujengwa ndefu hivyo kwa mapambo.

Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na ushei. Ndiyo maana ndege nyingi za Ethiopian Airlines zinazotoka huko kwenda Marekani hutua mahali njiani kuongeza mafuta, kama vile Dublin au Lomé, ilhali zinazokuja Addis kutoka Washington hufika moja kwa moja. Pepo za angani nazo huchangia, kwa kuwa huvuma kutoka magharibi. Kwa hiyo ukiona kwenye tiketi yako kwamba kurudi kunachukua saa nyingi kuliko kuja, usimpigie wakala kulalamika. Na hapa pana kioja: ndani ya Boeing 787, ile inayoitwa Dreamliner, hewa hushindiliwa hadi iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Abiria aliye angani kilomita 11 anavuta hewa nzito kuliko mtu aliyesimama kwenye maegesho ya uwanja wa Addis.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la mwezi, na hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotelea. Watu hukata tiketi kwa kuangalia likizo ya watoto, halafu ndipo wanaanza kuuliza wanyama wako wapi. Nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara, wanaokadiriwa kuwa milioni 1.3, hawana makao ya kudumu. Huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na nyasi changa, pundamilia wakiwa nao. Januari hadi Machi wako kusini, nyanda za Ndutu na upande wa Ngorongoro, na mwezi wa Februari ndio kilele cha kuzaa: hadi ndama 8,000 kwa siku moja, na kila ndama husimama kwa miguu yake ndani ya dakika chache. Mei na Juni wanaelekea magharibi na kaskazini, wakipitia mto Grumeti. Julai hadi Oktoba ndipo wanapovuka mto Mara, huku mamba wakiwasubiri. Sasa mtu aliyetua Kilimanjaro mwezi Agosti na kulipia kambi ya Ndutu atapewa tembo, twiga, na mawio mazuri ya jua, lakini nyumbu atawasikia kwenye hadithi za dereva. Tiketi ilikuwa sahihi na kambi ilikuwa sahihi. Havikujuana tu.

Tena wajua kwamba nyumbu hao hawakuwa wengi hivi zamani? Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Nyumbu waliowapata hawakufika 100,000. Kilichowaongeza baadaye ni kutoweka kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua ndama wa nyumbu. Chanjo ya mifugo ya wafugaji iliwaponya hata wasiochanjwa. Michael hakuliona hilo. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi, akafa, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mwaka uliofuata filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar. Baba alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kulazwa kando ya mwanawe. Wageni wengi hupita kaburi hilo kwa gari bila kujua ni la nani. Mwambie dereva asimame.

Tumbusi, kwa kweli, si kiumbe wa kudharau angani. Mmoja wa aina ya Rüppell, aina inayopatikana hata Serengeti, aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, ndege ikiwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 11,000. Hakuna ndege mwingine wa manyoya anayejulikana kupaa juu hivyo.

Haya, nauli. Je, ni kweli kwamba tiketi huwa rahisi Jumanne usiku? Imani hii ina nguvu kuliko ushahidi wake. Siku unayosafiri ina uzito mkubwa kuliko siku unayonunua: kuondoka katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa, na kuondoka Novemba mwanzoni ni nafuu mno kuliko Desemba katikati. Namna mashirika yanavyouza viti inafaa kueleweka. Viti vya daraja la kawaida hukaa bega kwa bega, vina upana ule ule na chakula kile kile, lakini vimegawanywa kwa bei kama mama sokoni anavyopanga nyanya mafungu mafungu. Fungu la bei ya chini likiisha, mnunuzi anayefuata hupewa fungu la juu, hata kama anakaa kiti cha jirani. Kila fungu lina herufi yake kwenye tiketi, pamoja na masharti yake ya kubadilisha tarehe au kurudishiwa pesa.

Kuna jambo moja kuhusu mafungu haya ambalo familia nyingi hazilijui. Mkiwa watano, nanyi mkatafuta viti vitano kwa mkupuo, na fungu la chini limebaki na viti vitatu tu, mfumo wa kompyuta kwa kawaida hautawapa watatu bei ya chini na wawili bei ya juu. Utawapeleka wote watano kwenye fungu la juu. Kwa hiyo anza kwa kutafuta kiti kimoja uone bei, kisha viwili, kisha vitatu. Ukiona bei inaruka ghafla, nunua kwa makundi mawili, halafu uwaombe wahudumu wa shirika waunganishe nafasi hizo zitambulike kuwa za familia moja. Watoto wasibaki peke yao kwenye nafasi yao. Kila kundi liwe na mtu mzima.

Je, wajua tofauti ya kuwekewa nafasi na kukatiwa tiketi? Wengi waliotapeliwa na mawakala wa mtandaoni walionyeshwa karatasi nzuri yenye majina yao na namba ya nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita. Namba hiyo inathibitisha kwamba kiti kimeshikwa, basi. Kinachothibitisha kwamba kiti kimelipiwa ni namba ya tiketi, yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar Airways. Ukituma pesa kwa wakala kisha hakuletei tarakimu 13, bado hujanunua kitu. Ukiletewa, ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, si ya wakala, uangalie kama safari yako imo.

Anayenunua akiwa Marekani ana kinga nyingine. Kwa kanuni za huko, tiketi ya ndege inayotoka au kwenda Marekani, ikinunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, inaweza kufutwa ndani ya saa 24 na pesa zote zikarudishwa, au shirika likushikie nafasi kwa muda huo bila malipo. Huo ndio muda wa kupigia simu nyumbani na kuuliza harusi ni Jumamosi ipi.

Ya jina ni fupi lakini ni kali. Jina la kwenye tiketi liwe lile la kwenye pasipoti, si la Facebook, si la ndoa mpya ambayo pasipoti haijaisikia. Sisi wa majina matatu tuangalie zaidi: jina la babu likiwa limeandikwa mahali pa ukoo kwenye pasipoti, ndilo liende mahali pa ukoo kwenye tiketi.

Je, wajua kwamba ukiacha kupanda kipande cha kwanza cha tiketi yako, vilivyobaki vyote hufutwa? Mtu amekata tiketi ya Manchester hadi London hadi Nairobi, akapata lifti ya binamu mpaka London, akaona aende moja kwa moja kwenye ndege kubwa. Atakuta jina lake halipo, na la kurudi halipo. Kama unataka kuanzia London, nunua tiketi inayoanzia London.

Upande wa pili, watu wengi hulazimisha kuondokea uwanja ule ule waliotua bila sababu. Tiketi ya kutua Kilimanjaro na kuondokea Zanzibar au Dar es Salaam inapatikana, na mara nyingi nauli yake haipishani sana na ya kwenda na kurudi uwanja mmoja. Ukianza na mbuga za kaskazini ukamalizia na bahari, unaokoa siku nzima ya barabara au nauli ya ndege ya ndani. Kwa maoni yangu hii ndiyo mbinu bora kuliko zote zilizomo humu, na ndiyo inayotumiwa na wachache.

Lakini angalia usichanganye viwanja. Nairobi ina viwili vya kumhusu mgeni: Jomo Kenyatta kwa ndege za kimataifa, na Wilson, zinakotoka ndege ndogo nyingi za kwenda Mara, Samburu na Amboseli. Wilson ina jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Kati ya viwanja hivyo kuna barabara za Nairobi, na anayezijua hatapanga kuunganisha ndege kwa saa mbili. Kwa upande wa Tanzania, uwanja wa Kilimanjaro, wenye alama JRO, uko kati ya Arusha na Moshi, lakini ndege ndogo nyingi za kwenda Serengeti huondokea uwanja wa Arusha, ulioko Kisongo, ng'ambo ya mji. Alama yake ni ARK, na wageni wanaoijua hadithi ya Safina ya Nuhu kwa Kiingereza hucheka wakiiona kwenye begi. Dar es Salaam nako ndege za kimataifa hutumia jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, na ndege ndogo hutumia jengo la zamani la kwanza, upande mwingine wa uwanja.

Kwenye ndege ndogo mizigo nayo hubadilika. Ulitoka Marekani na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, nusu yake zawadi. Cessna Caravan ya kwenda Seronera, Serengeti, itakupa kilo 15, begi la mkononi likiwemo humo humo, na begi lenyewe liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu ngumu, kwa sababu linasukumizwa kwenye tumbo la ndege lenye mlango mdogo. Mzigo wa zawadi uache kwa shangazi mjini. Kambi nyingi hufua nguo, kwa hiyo hata kilo 15 hutosha. Na usifungashe nguo za mabaka ya kijeshi: Kenya, Uganda na Tanzania raia kuzivaa kunaweza kumfikisha polisi. Bluu na nyeusi pia ziache, maana mbung'o huzipenda. Mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na ile ya dukani uliyofungia viatu itabaki uwanjani.

Kuhusu saa, sisi tunaohesabu tangu alfajiri tuna mtego wetu. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ndege ya 02:30 ni ya saa nane na nusu usiku, na ndege ya saa 00:35 tarehe 15 inakutaka uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Kila mwaka kuna familia inayofika uwanjani siku moja baadaye, imevaa vizuri, imesindikizwa na ukoo mzima. Tena Afrika Mashariki haisogezi saa zake, lakini Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na ratiba za mashirika hubadilika siku hizo hizo. Tiketi uliyoinunua miezi kumi kabla huenda ikabadilishwa saa zake bila wewe kupigiwa simu. Ifungue tena mwezi mmoja kabla ya safari, uone kama muda wa kuunganisha bado unatosha.

Tiketi ya bei ya chini yenye mapumziko marefu njiani ina gharama iliyojificha kwenye sindano. Tanzania hudai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa abiria anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyepita huko kwa zaidi ya saa 12. Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo anayetoka Ulaya moja kwa moja hadi Kilimanjaro haulizwi, lakini aliyeokoa dola chache kwa kukaa saa 14 Addis anaweza kuulizwa. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Habari njema ni kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hakiishi muda. Ile kadi ya zamani ya mwaka 2003 iliyoko kwenye sanduku la mama bado inafaa.

Makaratasi mengine tuyapitie haraka. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6. Kenya iliondoa viza Januari 2024 ikaweka kibali cha mtandaoni, na wananchi wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakihitaji. Kuna viza moja ya watalii ya dola 100 inayofungua Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90, Tanzania haimo. Tanzania humtoza mwenye pasipoti ya Marekani dola 100 na wengi wengine dola 50, hata kama amezaliwa Tanga na anajua kila kichochoro cha Ngamiani, kwa kuwa haijaruhusu uraia pacha kwa watu wazima. Kenya inauruhusu tangu Katiba ya 2010. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni wa kigeni anunue bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Bima uliyokuja nayo haiondoi hiyo.

Maasai Mara ina hesabu yake. Tangu mwaka 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba, na tiketi hiyo ni ya saa 12, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ndege inayokufikisha saa 10 alasiri inaweza kukugharimu siku nzima kwa matembezi ya saa mbili. Chagua ya asubuhi.

Ndege ikichelewa, haki zako zinategemea ulikotoka. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya, abiria wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 iliyochelewa kufika kwa saa kadhaa anaweza kudai fidia ya hadi euro 600, ila kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wa shirika, mfano dhoruba. Kanuni hiyo humlinda kila anayeondoka nchi ya Umoja huo, hata kwa Kenya Airways kutoka Amsterdam au Paris. Akirudi huko kutoka Nairobi, humlinda akiwa kwenye shirika la Umoja huo tu. Begi likipotea, Mkataba wa Montreal, ambao Kenya na Tanzania zimo, unaweka ukomo wa fidia. Ukomo huo ulipandishwa Desemba 2024. Begi likiharibika una siku 7 za kuandika malalamiko, na likichelewa una siku 21 tangu ulipolipokea. Usitoke uwanjani bila karatasi ya taarifa yako.

Kiti je? Ukitoka Nairobi kwenda Dar es Salaam au Mombasa mchana, kaa dirishani upande wa kulia. Ukirudi, kaa kushoto. Kilimanjaro, mita 5,895, hutokeza juu ya mawingu siku nyingi, na marubani wengi hutangaza. Anayeruka kutoka Ulaya mchana hutua usiku, asitegemee kuuona mlima siku hiyo.

Na wapo wanaorudi Afrika kila mwaka bila haya yote. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayezaliana Urusi ya mashariki na China ya kaskazini, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 3,000 za maji bila pa kutua, akisukumwa na upepo na, inaaminika, akila kereng'ende wanaovuka naye. Hufika Novemba na Desemba, msimu ambao binadamu hulipa nauli kubwa kuliko wakati wowote.

Kama nawe lazima urudi Desemba, basi wahi. Mashirika mengi hufungua mauzo takriban siku 330 hadi 360 kabla ya safari, na mafungu ya bei ya chini huondoka na wa mwanzo. Viti vya Krismasi ijayo huanza kuuzwa Januari, wakati wengi wetu bado tunalipa madeni ya Krismasi iliyopita.